UZI: "Kesi ya Talisman si ilitupwa?"

Mafuta ya Sudan yakizungumzwa hapa Kisumu, hukosi mtu wa kusema: kesi ya Talisman si ilitupwa? Basi hakuna aliyeonewa. Aii, pole pole wadau.

Ndiyo, kampuni hiyo ya Kanada ilishinda New York 2006, na rufaa ikagonga mwamba 2009. Lakini someni sababu: walalamikaji hawakuthibitisha kwamba *ilikusudia* dhuluma. Kujua tu, mahakama ya rufaa ilisema, hakutoshi. Hiyo si sawa na kusema hakuna kijiji kilichochomwa.

Sasa kuna ile ya Lundin, kitalu 5A, kwa Wanuer (lugha yao na Dholuo zina undugu). Waendesha mashtaka wa Sweden wanadai kampuni iliiomba Khartoum jeshi lilinde eneo, ikijua lingetwaliwa kwa nguvu. Wakubwa wawili wa zamani wanakana katakata. Kesi ilianza Stockholm Septemba 2023.

Hata barabara iliyojengwa pale inabishaniwa. Kampuni iliiita maendeleo ya wananchi. Christian Aid, 2001, wakasema jeshi liliitumia kuwafurusha wananchi haohao.