Mtoto Mgeni Lushoto Afundishwe na Nani?

Kila mwaka zipo familia zinazopanda ile barabara ya kona kutoka Mombo kuhamia Lushoto. Baba amepata kazi Chuo cha Uongozi wa Mahakama, au mama ni muuguzi aliyehamishwa kutoka Mwanza. Shule ya mtoto hupatikana upesi. Kinachowasumbua wazazi ni saa za jioni na likizo: hapa hakuna ziwa, hakuna bustani ya michezo, na baridi ya Julai inauma. Tumpeleke wapi?

Kabla ya kumtafutia mahali, mtafutie wenzake. Mwanasaikolojia wa Urusi, Lev Vygotsky (1896–1934), alieleza kuwa jambo ambalo mtoto analiweza leo kwa msaada wa anayemzidi kidogo, kesho ataliweza peke yake. Anayemzidi mtoto wako kidogo huku mlimani ni mtoto wa jirani. Yeye anajua njia ipi inateleza baada ya mvua na shamba la nani halikatizwi.

Tazama mchezo wa rede. Wawili wanarushiana mpira, wa katikati anakwepa huku akijaza chupa mchanga. Mgeni asiyejua neno la Kisambaa, lugha ya wenyeji, anaweza kuingia siku ya kwanza, kwa kuwa sheria zinaonekana kwa macho. Lugha inafuata yenyewe, tena kupitia ugomvi: kudai zamu, kukataa kwamba umepigwa, kumtetea wa timu yako. Mdako nao ni hesabu tupu. Unarusha jiwe juu, unakomba kokoto shimoni, unazirudisha ukibakiza moja, kisha mbili, kisha tatu, kabla jiwe halijatua. Mzazi anayemfungia mtoto ndani na televisheni ili asichafuke anamnyima darasa ambalo halina ada.

Mahali pa kwenda pia papo. Nenda msitu wa Magamba pamoja na mwongoza wageni, mkawatazame mbega juu ya miti na kinyonga mwenye pembe mbili wa milima hii. Familia nyingi zinamwogopa kinyonga. Mwache mtoto amwangalie akiwa tawini, bila kumng'oa, aone jinsi kila jicho linavyozunguka kivyake. Irente, kwenye shamba la kanisa la KKKT, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, ataona kuwa jibini inatokana na maziwa. Na jirani akipanda majani ya guatemala kwenye kingo za matuta, omba mtoto ashike mche mmoja mmoja, kisha mvua kubwa ikija mrudi kutazama udongo ulipozuiwa.

Jioni mtafutie mzee wa kumsimulia habari za Mbegha. Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy aliziandika kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi. Mbegha alikuwa kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na ndugu zake wa Unguu wakamnyima urithi. Akahama na mbwa wake, akawinda nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba ya watu, akawagawia nyama, mwishowe akatawala Usambara kutoka Vugha. Mtoto anayelia usiku kwa kukumbuka rafiki zake wa Mwanza anastahili kujua kwamba ukoo uliotawala Usambara ulianzishwa na mhamiaji.

Nina neno zito zaidi kwa familia hizi. Wengi wakishafika hutafuta binti wa kazi kutoka vijiji vya jirani, na mara nyingine binti huyo ni mtoto. Kupanda mche kando ya jirani ni kujifunza; kufua, kupika na kubeba mtoto mgongoni tangu alfajiri hadi usiku ni utumwa mdogo, hata kama anakula mezani pamoja nanyi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, na hiyo kwa kazi nyepesi tu, isiyomzuia kusoma. Sheria hiyo hiyo inamtambulia kila mtoto haki ya kupumzika. Kwa hiyo kama yumo kwenu binti wa kazi ambaye bado ni mtoto, onana na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ili binti huyo arudi shuleni. Na kuanzia leo, mtoto wako akitoka kwenda kucheza rede, na yeye atoke.