Usaili wa Mitaji Binafsi: Soma Uwekezaji Mmoja Mpaka Mwisho

Kampuni za mitaji binafsi zina swali ambalo ni nadra kulikosa kwenye usaili: taja uwekezaji wetu mmoja, kisha utuambie kama wewe ungeufanya. Vijana wengi huingia wakiwa wamekariri orodha nzima ya kampuni zilizotajwa kwenye tovuti. Wakibanwa kidogo waeleze kwa nini mojawapo ilinunuliwa, hurudia taarifa ile ile iliyotolewa kwa vyombo vya habari siku mkataba uliposainiwa. Pengine anayewasikiliza ndiye aliyeiandika.

Orodha iache. Chagua uwekezaji mmoja, ikiwezekana uliokwisha kuuzwa, uufuatilie tangu siku pesa ilipoingia hadi ilipotoka.

Kwa asiyeijua biashara hii: mfuko wa mitaji binafsi hukusanya fedha kutoka mifuko ya pensheni, mashirika ya maendeleo na matajiri, hununua sehemu ya kampuni au kampuni nzima, huikuza, kisha huiuza. Mfuko wenyewe una umri, kwa kawaida miaka 10 hivi, na ununuzi hufanyika zaidi katika nusu ya kwanza. Ndiyo maana tarehe ya kununua ni habari nzito. Ukikuta kampuni imekaa mikononi mwa mfuko miaka tisa bila kuuzwa, jiulize kama wenyewe hawataki kuiuza au wanunuzi hawapo.

Mfano mzuri wa kujifunzia ni Helios na benki ya Equity ya Kenya. Mwaka 2007 Helios, kampuni ya mitaji binafsi yenye makao London, ilikubaliana kuchukua karibu robo ya hisa za benki hiyo kwa takriban shilingi bilioni 11 za Kenya. Equity ilikuwa tayari kwenye Soko la Hisa la Nairobi, hivyo hesabu zake za kila mwaka ziko wazi kwa yeyote. Zilizotolewa zilikuwa hisa mpya. Fedha ziliingia kwenye benki yenyewe, hazikwenda mifukoni mwa wenye hisa wa zamani. Hilo ndilo jambo la kwanza la kulitazama katika uwekezaji wowote, maana kampuni iliyopokea mtaji ina cha kutumia, lakini kampuni ambayo mmiliki wake kauza tu hisa zake imebadilisha mmiliki na kubaki na sanduku lile lile. Equity ikavuka mipaka: Uganda 2008, Sudan Kusini 2009, Rwanda 2011, Tanzania 2012. Helios ikajitoa 2014 na 2015, na takriban nusu ya hisa zake zikachukuliwa na wawekezaji wa Norway.

Msailiwa wa kawaida angeishia hapo na kusema uwekezaji ulifanikiwa. Aliyejiandaa ataleta kiwango cha kubadilisha fedha. Mwisho wa 2007 dola moja ilikuwa shilingi 60 na kidogo za Kenya. Mwisho wa 2014 ilikuwa kama 90. Mfuko huhesabu kwa dola, benki ilipata faida kwa shilingi. Hisa zilipaswa kupanda bei kwa takriban asilimia 40 ndipo mwekezaji arudi pale pale alipoanzia. Equity ilikua kwa kasi kubwa kuliko hiyo. Kampuni nyingi hazifiki hapo.

Tufanye hesabu ya kufikirika kwa Tanzania. Kiwanda kinapata faida ya shilingi bilioni 4 kabla ya riba, kodi na uchakavu. Mfuko unakinunua mwaka 2012 kwa mara sita ya faida hiyo, yaani bilioni 24, dola ikiwa karibu shilingi 1,600. Hizo ni dola milioni 15. Mwaka 2019 faida imefika bilioni 6, mnunuzi mpya analipa mara sita vilevile, bilioni 36. Lakini dola sasa ni kama shilingi 2,300, na mfuko unapata dola milioni 15.7. Miaka saba ya kazi, faida imeongezeka kwa nusu, na mwekezaji karibu hana cha kuwaonyesha waliompa fedha. Ukiweza kuipiga hesabu hii kwenye karatasi mbele ya wasaili bila kutetemeka, umewapita wengi waliokesha na vitabu vya Marekani, ambako faida nyingi hujengwa juu ya mikopo mikubwa. Kwetu Afrika Mashariki riba ni kali na mikopo ya namna hiyo ni michache. Kampuni haina budi kukua kwelikweli.

Uchunguze pia uwekezaji uliopita mikononi mwa wengi. Java House, mikahawa ya kahawa, ilianza Nairobi mwaka 1999. Kampuni ya mitaji binafsi ya Emerging Capital Partners ikanunua sehemu kubwa 2012, ikaiuza kwa nyingine, Abraaj, 2017. Mwaka uliofuata Abraaj yenyewe ikaanguka, ikawekwa chini ya wafilisi, na mwaka 2019 kampuni ya tatu, Actis, ikachukua usimamizi wa mfuko ulioimiliki Java. Hapa inabidi utenganishe matatizo ya mwenye mali na matatizo ya mali. Kahawa iliendelea kuuzwa. Swali linalofaa kwa kila aliyenunua ni: aliona nini ambacho mwenzake hakukimaliza? Matawi zaidi, miji mingine, au bei tu?

Habari hazitoki kwenye tovuti ya kampuni peke yake. Mamlaka za ushindani za Kenya na Tanzania, pamoja na ile ya COMESA, hutangaza maombi au maamuzi ya miungano ya kampuni. Mashirika ya maendeleo kama IFC, Norfund na British International Investment huweka wazi mifuko wanayoichangia, mara nyingi pamoja na sababu. Mjini Dar es Salaam, BRELA, wakala wa usajili wa biashara, hutoa taarifa za usajili wa kampuni kwa ada. Halafu kuna miguu yako. Catalyst, kampuni ya mitaji binafsi ya Nairobi, iliwekeza kwa watengenezaji wa dawa ya meno ya Whitedent. Anayeomba kazi huko na hajafika soko la Kariakoo kuuliza bei ya katoni na nani ananunua, sijui anajiandaa na nini.

Ukikosoa uwekezaji wao, anza na yaliyojulikana siku ile waliponunua. Kila mtu ni mjuzi baada ya corona. Sema ungelipa kiasi gani, ungeweka sharti gani kwenye mkataba, na nani angekuja kununua baada yako. Wakikupinga, sikiliza hoja kwanza. Mara nyingi wanakupa takwimu ambayo haijawahi kuchapishwa popote, nawe unatakiwa kuiingiza kwenye hesabu yako papo hapo na kusema kama jibu limebadilika.