Ukuta Uliobaki Mji Ulipohama

Karani wa sensa anapopiga hodi Tanzania huuliza kwanza mkuu wa kaya ni nani, akajibiwa, akaandika, akaendelea. Kaya kwake ni watu wanaokula chungu kimoja. Vuka mpaka uingie Kwale, na neno hilohilo linapanuka: kwa Wamijikenda kaya ni nyumbani kwa kabila zima, mji wa mababu uliojengwa katikati ya msitu. Mwambie leo dereva wa matatu akushushe penye kaya, naye atakushusha ukingoni mwa miti. Huoni paa wala moshi. Mji umehama na jina lake limebaki na msitu, na sisi tunaofanya kazi ya uhifadhi tumelichukua hivyo hivyo: tunasema "misitu ya kaya", tunahesabu hekta, tunahesabu miti. Tumeusahau mji.

Basi tuanze na mji. Wamijikenda ni watu wa makabila tisa: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma. Masimulizi yao yanasema walitoka Singwaya, kaskazini, upande wa Somalia ya leo, wakiwakimbia Waoromo, wakafika nyuma ya Mombasa na kujenga kaya zao juu ya vilima, kuanzia karne ya 16. Waakiolojia, akiwemo Henry Mutoro aliyechimba katika baadhi ya kaya hizo, wamekuta dalili za makazi ya kale kuliko masimulizi hayo. Sioni haja ya kuwapiganisha. Anayesimulia Singwaya anaeleza kwa nini watu wa koo mbalimbali ni wamoja. Anayechimba anatafuta ni nani aliyevunja kigae hiki na lini.

Ujenzi wenyewe ndio unaonivutia zaidi. Waliochagua kilima chenye msitu mnene hawakuufyeka msitu. Walifyeka katikati tu, uwanja wa kutosha nyumba, na pete yote ya miti iliyozunguka wakaiacha kama walivyoikuta. Pete hiyo ilikuwa ukuta wao. Njia za kuingilia zilikuwa chache na nyembamba, watu hupita mmoja nyuma ya mwingine, na juu ya njia kulikuwa na malango. Adui mwenye mikuki hawezi kushambulia kwa safu mahali ambapo miiba inamshika nguo na mzizi unamkwaza mguu. Ndani, kila ukoo ulikuwa na upande wake. Katikati kulikuwa na moro, mahali pa baraza la wazee. Na mahali palipojulikana na wachache palizikwa fingo, kago la mji, ambalo masimulizi yanasema lilibebwa kutoka Singwaya.

Sasa fikiria maana ya kukata mti mmoja katika pete ile. Hukukata fito tu. Umetoboa ukuta unaolinda watoto wa wenzio. Mwiko wa kutokata miti, ambao watalii husimuliwa kama imani ya ajabu, kwa asili ulikuwa sheria ya usalama ambayo mtu yeyote anayekaa ndani ya boma angeielewa bila mahubiri. Kisha hatari ikapungua. Katika karne ya 19 watu walianza kutoka, wakatafuta mashamba na malisho na biashara, Wagiriama wakasogea kaskazini hadi ng'ambo ya mto Sabaki, na kufikia miaka ya 1940 kaya hazikuwa tena makazi. Lakini makaburi yalibaki, fingo likabaki, na wazee waliendelea kurudi kuomba mvua, kusuluhisha na kuzika wakuu wao. Mwiko ukabaki vilevile, sababu ikabadilika: miti iliyokuwa inawakinga walio hai ikawa inawasitiri wafu.

Aliyeuelewa mji huu vizuri, kwa njia mbaya, ni serikali ya Waingereza. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama katika Kaya Fungo wakala viapo, mukushekushe kwa wanawake na fisi kwa wanaume, kwamba hawatashirikiana na wakoloni waliotaka kodi na vijana wa kufanya kazi. Alikamatwa Oktoba mwaka huo, akapelekwa mbali magharibi mwa Kenya, akatoroka Januari 1914 na kurudi nyumbani kwa miguu. Agosti 1914 Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Kaya hiyo wakati ule haikuwa na wakazi wa kutajika, na hakuna jeshi linalopoteza baruti kwa ajili ya miti. Walijua wanalipua makao ya mamlaka. Baadhi ya vitabu vya utalii, zaidi ya miaka mia moja baadaye, bado havijafika hapo. Vinaandika "eneo la asili lenye utulivu".

Sisemi kwamba miti haina maana. Ina maana kubwa, na hapa naomba subira ya msomaji kidogo, maana ndipo utaalamu wangu unapokaa. Misitu ya pwani ya Afrika Mashariki ni mabaki ya ukanda wa kale uliokatika vipande vipande. Kila kipande kimekaa juu ya ardhi yake. Kaya Kambe na Kaya Jibana ziko juu ya mawe ya chokaa. Kaya Kinondo, karibu na ufuo wa Diani, iko juu ya mwamba wa matumbawe. Kaya za Waduruma, Gandini na Mtswakara, zina udongo wa mawe ya mchanga. Kwa hiyo mmea unaoukuta kilima kimoja waweza kukosekana kabisa kilima cha pili, hata kama ni mwendo wa asubuhi moja. Wataalamu wa mimea Ann Robertson na Quentin Luke walipozunguka kaya hizi katika miaka ya 1980 walikuta mimea adimu kwa wingi usiolingana hata kidogo na udogo wa maeneo. Kaya Ribe ina hekta 36. Kaya Kinondo ina 30. Ni mashamba ya mtu mmoja katika nchi nyingine.

Kilichofanya udogo huo uwe na uhai ni sheria za wazee, na hasa ile inayodharauliwa zaidi: mti ulioanguka haubebwi. Unaweza kuona gogo la mvule limelala njiani, kavu, la kupikia harusi tatu, na hakuna anayeligusa, ingawa akina mama wa kijiji jirani hutembea mbali kutafuta kuni. Gogo lile likioza hulisha mchwa na uyoga; shimo lililoachwa na mti huo angani hupitisha mwanga, na miche iliyokuwa ikisubiri chini miaka mingi hupata nafasi. Ukiondoa magogo kila mwaka unabaki na msitu unaoonekana mzima kutoka barabarani, lakini ndani hakuna mrithi wa miti mikubwa. Mifugo nayo hairuhusiwi, kwa hiyo miche hailiwi. Mtu hutakiwa kubaki njiani, kwa hiyo udongo haukanyagwi. Anayevunja hutozwa mbuzi au kuku, na mnazi, pombe ya wazee, kisha kaya hutakaswa. Sijui mwanamazingira ambaye angeandika kanuni bora zaidi, ingawa nawafahamu kadhaa ambao wangeondoa mnazi.

Baadaye ikaja karatasi. Mwaka 1992 serikali ya Kenya ilianza kuzitangaza kaya kuwa kumbukumbu za taifa, chini ya Makumbusho ya Taifa, na kikaundwa kitengo cha kuhifadhi misitu ya pwani. Mwaka 2008 UNESCO iliingiza kaya kadhaa za Wamijikenda katika orodha ya Urithi wa Dunia: Fungo ya Wagiriama, Jibana, Kambe, Kauma, Ribe, kaya za Rabai, kaya za Waduruma, na Kinondo ya Wadigo, jumla yake ni hekta 1,538, zilizotawanyika katika urefu wa kilomita 200 hivi. Kaya zote zinazojulikana ni zaidi ya 50, kwa hiyo nyingi zimebaki nje ya orodha. Mwaka uliofuata, 2009, shirika hilohilo liliziweka mila za kaya katika orodha nyingine, ya urithi usioshikika unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Tazama hizo tarehe. Mahali pamoja, miaka miwili: msitu ukatunukiwa, mila iliyoutunza ikalazwa wodini.

Na hapa ndipo penye mgogoro ambao hauzungumzwi sana. Uwanja ule wa katikati, penye moro na nyumba za zamani, haukubaki wazi kwa bahati. Ulibaki wazi kwa sababu watu waliishi pale, na walipohama, kwa sababu wazee walirudi kuufagia na kufyeka kabla ya matambiko. Wazee wakipungua, msitu haupotezi muda. Vichaka huingia, kisha mimea itambaayo, kisha miti michanga, na baada ya miongo michache hata mzaliwa wa pale atatafuta makaburi ya babu zake kwa kupapasa. Kwa mtu wa mimea hiyo ni habari njema: msitu unajirudisha. Kwa mzee wa kaya mji unafutika. Wote wawili wanasimama mahali pamoja, wanatazama mche uleule, na kila mmoja anaona kitu tofauti. Sheria ya kulinda miti inamsaidia wa kwanza. Sheria ya kulinda majengo ya kale haimsaidii wa pili, kwa kuwa hakuna jengo. Kuna mahali tu, na watu wanaojua ni mahali gani.

Vitisho vingine vinafahamika, nitavipitia upesi. Ardhi ya Diani ni ghali na kaya za huko ziko karibu na bahari. Madini ya chuma huchimbwa Jaribuni, jirani na Kaya Kauma. Mkaa, mashamba, mgawanyo wa hati. Kisha kuna jambo ambalo si la mazingira hata kidogo, lakini kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote: mauaji ya wazee wa Kilifi wanaoshutumiwa uchawi, mara nyingi nyuma yake pakiwa na ugomvi wa shamba la urithi. Mzee mmoja akiuawa, kaya haipotezi mlinzi tu. Inapoteza ramani, maana alikokuwa anakanyaga hakukuandikwa popote.

Kinondo imejaribu njia nyingine. Tangu 2001 wazee wa pale, pamoja na vijana wa kijiji, wanaongoza wageni kwa malipo. Ukifika unafungwa kaniki kiunoni, unaambiwa ufuate njia, usichume kitu, usibebe kitu. Kuna wanaoona ni kuuza kilicho kitakatifu. Nami nilikuwa na wasiwasi huo, mpaka nikaona hesabu yake: mgeni haingizwi kila mahali, sehemu za ndani zimebaki za wenyewe, na kijana anayelipwa kwa kujua majina ya miti ana sababu ya kumuuliza babu yake majina hayo. Lakini Kinondo iko dakika chache kutoka hoteli za ufukweni. Kaya Fungo, yenye hekta 204, iko bara, kwenye barabara ambayo mgeni wa hoteli hana sababu ya kuipita.

Kwa hiyo kazi ngumu imebaki huko bara. Kuna kaya ambamo mche umeota katikati ya moro, umefika kimo cha mtu, na mara nyingine ni wa aina iliyo adimu. Sheria ya serikali inasema usiung'oe. Desturi inasema mahali pa baraza hapaoti kitu. Nikiulizwa, nasema ung'olewe, na mzee aung'oe kwa mkono wake, na mwanafunzi wa mimea asimame kando na kuandika umeng'olewa lini. Mwenzangu wa idara ya misitu hakubaliani nami. Tumekuwa tukibishana kwa miaka kadhaa, na kila tukirudi mche umeongezeka kimo.