Kinga (baiskeli) ya bidoni na kinga ya mashindano: kweli au uongo?

"Mwanamichezo ni yule wa kofia na nguo za kubana. Mwenye bidoni ni mtu wa shida tu."

Uongo, na ndio uongo mkubwa kuliko wote Uvira, mashariki mwa Kongo. Simama mtaa wa Mulongwe asubuhi mabomba yakiwa yamekauka. Kinga inapita na bidoni sita za lita 20, yaani kilo 120 za maji, zimekazwa kwa mipira ya tairi kuukuu iliyochanwa vipande. Mwenyewe anasukuma kwa bega, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye fimbo iliyofungwa nyuma ya kiti. Hakuna anayempigia makofi. Utafiti uliochapishwa 2015 kuhusu mji huu ulionyesha kwamba bomba likikosa maji siku nzima, wanaolazwa kwa dalili za kipindupindu huongezeka siku zinazofuata. Basi huyo "mtu wa shida" anafanya kazi ya bomba.

Na miguu yake? Abraham Ruhumuriza, bingwa wa Tour du Rwanda mara tano, alianza kwa kubeba abiria kwa baiskeli.

"Baiskeli ya mashindano ndiyo bora."

Bora kwa kazi gani? Kanuni za UCI, shirikisho la baiskeli duniani, zinadai isipungue kilo 6.8, na watengenezaji hukimbilia uzito huohuo. Ipakie gunia la makaa kutoka Sange, halafu uniletee magurudumu yake.

"Hao wa mashindano wanajionyesha tu."

Uongo pia, tusiwaonee. Tarehe 28 Septemba 2025 mjini Kigali, katika mashindano ya kwanza ya dunia ya barabarani kufanyika Afrika, wanaume walikimbia kilomita 267.5 za milima. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda. Waliomaliza walikuwa 30 tu.

"Watu wa mizigo ni hatari barabarani."

Hapa kuna ukweli. Gunia pana, usiku, bila taa, kwenye barabara ya kwenda Kiliba: dereva anakuona umeshafika kwenye boneti yake. Ng'ambo, Burundi, vijana hushikilia lori ili wapande kutoka Ziwa Tanganyika hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kisha hushuka na ndizi kwa kasi ya kutisha. Wengine hufa.

Lakini dawa si kuwafukuza. Machi 2022 serikali ya Burundi ilipiga marufuku baiskeli, pikipiki na bajaji katikati ya Bujumbura. Mizigo haikutoweka kwa hilo. Ilibidi ibebwe kwa njia nyingine, na gharama ikamwangukia mnunuzi.

Dereva, mwachie nafasi ya mita moja na nusu unapompita. Nawe mwenye kinga, bandika kiakisi mwanga nyuma ya gunia, si chini yake.