Famakolojia si Duka la Dawa

Shahada ya kati ni ile ambayo mwanafunzi wa udaktari husimamisha masomo yake kwa mwaka mmoja, akazama katika sayansi moja, akatunukiwa shahada kamili ya sayansi hiyo, kisha akarejea kwenye udaktari pale alipoachia. Uingereza utaratibu huu umezoeleka, na famakolojia ni miongoni mwa sayansi zinazochaguliwa. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kina mpango wa aina hiyo: mwanafunzi aliyefanya vyema katika miaka ya mwanzo huweza kubaki Chiromo, jirani na Westlands, asomee anatomia, fiziolojia au baiokemia kabla ya kuanza kuwahudumia wagonjwa wodini Hospitali ya Kenyatta.

Anayechagua famakolojia husubiriwa na swali moja akirudi likizo Kileleshwa au Lavington: "Sasa mwanangu, duka la dawa unafungua lini?" Huuliza shangazi, huuliza jirani, na la kusikitisha zaidi, huuliza hata wanafunzi wenzake wa udaktari.

Halifunguliwi. Kenya, biashara ya dawa hutawaliwa na Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, na msimamizi wake ni Bodi ya Dawa na Sumu. Bodi hutambua watu wa aina mbili: mfamasia, aliyesoma shahada ya famasia kwa miaka mitano na kufanya mwaka wa mafunzo kazini, na mteknolojia wa famasia mwenye diploma. Duka liwe River Road katikati ya vumbi na matatu, au ndani ya jengo la kifahari Westlands, lazima liwe chini ya mmoja wao. Shahada ya famakolojia haimo katika orodha hiyo. Kuitundika ukutani na kuanza kuuza dawa ni kosa la jinai, na haijalishi ilitoka chuo gani.

Tena kosa la swali hilo si la kisheria tu. Linadhani famakolojia ni kukariri majina ya dawa ili mtu ajue ipi ni "kali". Mfamasia hushughulika na dawa yenyewe: inavyoundwa, ubora wake, inavyohifadhiwa, inavyomfikia mgonjwa kwa usalama. Famakolojia huuliza dawa hufanya nini mwilini, na mwili nao huifanya nini dawa.

Jaribio la jadi la maabara huonyesha tofauti hiyo vizuri. Kipande cha utumbo wa simbilisi hufungwa kwa uzi ndani ya chombo cha kioo chenye maji ya chumvi na glukosi, joto likiwa nyuzi 37, oksijeni ikipanda kwa mapovu. Tone la asetilikolini likiingia, utumbo hujikunja. Huoshwa, kipimo huongezwa maradufu, hujikunja zaidi; na hivyo hivyo hadi ufike mahali ambapo kuongeza dawa hakuongezi chochote. Ikitangulizwa atropini, inayogombea vipokezi vile vile, asetilikolini nyingi zaidi huhitajika kufikia kilele kile kile. Mwanafunzi aliyechora mchoro wa matokeo hayo kwa mkono wake hadanganyiki tena na neno "kali".

Na neno hilo linadanganya wengi kila siku. Miligramu 1 ya bumetanidi hutoa maji mwilini takriban sawa na miligramu 40 za furosemidi, lakini hiyo haiifanyi bumetanidi kuwa bora, maana kilele chao ni kimoja. Hidroklorothiazidi, kwa upande wake, haikifikii kilele hicho hata mgonjwa ameze paketi nzima. Mnunuzi anayeinama kwenye kaunta ya duka la dawa Mtaa wa Tom Mboya akiomba "ile kali kabisa" anaomba kitu ambacho hakina maana ya kitabibu, na muuzaji anayemkubalia anamdhuru.

Nusu ya pili, yaani mwili kuifanya dawa, inahusu sana Afrika Mashariki. Efavirenz, iliyokuwa nguzo ya tiba ya awali ya virusi vya ukimwi kabla ya dolutegravir, huvunjwa na kimeng'enya kiitwacho CYP2B6. Aina ya jeni inayokipunguzia kasi kimeng'enya hicho hupatikana zaidi miongoni mwa Waafrika kuliko Wazungu. Vidonge ni vile vile vya miligramu 600, ila kwa mtu mwenye aina hiyo ya jeni dawa hujilimbikiza kwenye damu, na kizunguzungu na ndoto za kutisha huzidi. Mgonjwa kama huyo akiambiwa amelegea au ana woga tu, tatizo liko kwa anayemhudumia.

Kwa anayefikiria kuchukua mwaka wa shahada ya kati, basi. Anayetaka kuendesha duka la dawa asome famasia. Anayetaka utafiti, majaribio ya dawa au udaktari wa tiba ya ndani atafaidika na famakolojia. Achague msimamizi wa mradi kabla ya kuchagua mada, ajifunze takwimu mapema, aulize mfadhili wake kwa maandishi kama karo ya mwaka wa ziada italipwa, na ahakikishe chuo kimemwekea nafasi yake ya udaktari kabla hajaiacha.