Uvira: Daftari ya kikundi, mlango wa kwanza wa ufadhili

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika na kubeba nyumba, watu na mali katika mji wa Uvira. Makumi ya watu walikufa na maelfu ya wengine wakabaki bila pa kulala. Kabla malori ya mashirika makubwa hayajafika, waliofungua milango walikuwa majirani, makanisa, shule na vikundi vya kartie.

Vikundi vya namna hiyo vingalipo, toka Kalundu hadi Kavimvira, katika bonde la Ruzizi, na huko juu Lemera na Mulenge. Vinasafisha mifereji, vinatunza yatima, vinakopeshana pesa ya biashara ndogo. Lakini mfuko fulani ukitangaza kwamba una pesa kwa ajili ya mashirika ya wenyeji, vingi havipeleki hata dosiye. Vingine vinapeleka na havipati jibu. Mara nyingi kazi ipo, tena nzuri, ila haikuandikwa popote.

Jambo hili lina uzito zaidi leo. Mwezi wa tano 2016, huko Istanbul, wafadhili wakubwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa waliahidi kwamba kufikia 2020 robo ya pesa ya misaada ya kibinadamu, yaani 25 kwa mia, itawafikia wenyeji kwa njia fupi iwezekanavyo. Ahadi hiyo haikutimia. Kisha mwanzoni mwa 2025 Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake, na shirika lake la USAID likafunga kazi tarehe 1 Julai mwaka huo. Miradi mingi ya Kivu ilikuwa inategemea pesa hiyo. Kwa kikundi kidogo, mifuko midogo iliyo karibu na watu sasa si kitu cha kudharau.

Mfuko wa jamii ni nini?

Mfuko wa jamii ni shirika linalokusanya pesa kwa wafanyabiashara, kwa wenyeji walio ng'ambo na kwa wafadhili wengine, kisha kuigawa kidogo kidogo kwa vikundi vya mahali pamoja. Wanaoamua ni watu wanaojua mahali pale. Wa kwanza ulianzishwa Cleveland, Marekani, mwaka 1914. Katika Afrika ya Mashariki, unaojulikana sana ni KCDF ya Kenya, ulioanza 1997. Mfuko huo umezoea kuuliza jamii swali moja kabla ya kutoa pesa: ninyi wenyewe mmeweka nini?

Katika Congo, ulio karibu na mtindo huo ni Mfuko wa Wanawake wa Congo, FFC, ulioanzishwa 2007. Mmoja wa waliouongoza ni Mama Julienne Lusenge, aliyepewa tuzo ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa mwaka 2023. FFC unasaidia mashirika ya wanawake, hata yale madogo ya vijijini. Kuna pia mfuko wa Umoja wa Mataifa wa wanawake kwa ajili ya amani na misaada, WPHF. Katika miito yake, WPHF umekuwa ukitoa pesa za aina mbili: dola 2,500 hadi 30,000 kwa kuimarisha shirika lenyewe, na dola 30,000 hadi 200,000 kwa mradi. Aina ya kwanza inasahauliwa sana, na huenda ndiyo inayofaa kikundi kinachoanza.

Karatasi

Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 ndiyo inayoongoza mashirika yasiyo ya faida, yanayoitwa ASBL. Inataka shirika liwe na wanamemba wasiopungua saba. Statuti zinapita kwa noteri. Orodha ya wanamemba na majina ya wanaoongoza yanawekwa katika dosiye. Ombi linaelekezwa kwa Waziri wa Sheria. Yeye ndiye anayetoa hadhi ya kisheria, baada ya maoni mazuri ya wizara inayohusika na kazi ya shirika, iwe afya, kilimo au nyingine.

Toka Uvira hadi Kinshasa ni zaidi ya kilometa 1,500 kwa njia ya anga, na mashirika mengi yanachoka katikati ya safari hiyo. Lakini sheria ina sehemu inayofaa kujulikana. Maoni mazuri ya wizara yanahesabiwa kuwa ruhusa ya muda ya kufanya kazi, kwa miezi sita. Miezi hiyo ikipita bila jibu, hadhi ya kisheria inachukuliwa kwamba imetolewa, na waziri anapaswa kutoa amri yake katika mwezi unaofuata. Kwa hiyo kila barua inayopelekwa inafaa kuwa na kopi yenye mhuri wa kupokelewa na tarehe. Bila mhuri huo, hakuna wa kuhesabu miezi sita.

Kikundi kisicho na karatasi bado hakijafungiwa njia. Wafadhili wengine wanakubali kiombe chini ya shirika lililosajiliwa. Hapo inafaa kuandikiana kabla ya pesa kufika: nani anaipokea, kiasi gani kinabaki kwa shirika mama, na nani anatoa raporti. Urafiki mwingi umevunjika kwa sababu mambo hayo yalizungumzwa kwa mdomo tu.

Daftari

Karatasi zinamruhusu mtu kuingia. Kinachomsadikisha msomaji wa dosiye ni daftari.

Chukua mfano wa akina mama 20 wanaouza ndagala, kila mmoja akitoa franga 1,000 kwa juma. Kwa mwaka mzima wanakusanya franga 1,040,000. Ikiwa kila juma limeandikwa, pamoja na saini, deni na malipo, kikundi hicho tayari kina kitu ambacho mashirika mengi yenye ofisi na kompyuta hayana: mwaka mmoja wa ushuhuda kwamba yanajua kutunza pesa ya watu. MUSO na AVEC nyingi za Uvira zinafanya hivyo kila juma, bila kufikiri kwamba daftari yao ni sehemu ya dosiye.

Vivyo hivyo na kazi ya mikono. Salongo ya watu 30 kwa siku mbili ni siku 60 za kazi. Kiwanja kilichotolewa na mwanamemba kina thamani. Wafadhili wengi wanakubali michango hiyo iandikwe katika bajeti, mradi ihesabiwe kwa bei ya kweli ya mahali. Asiyeiandika anaonekana kana kwamba anakuja mikono mitupu.

Bajeti na maneno ya kuazima

Mradi mwingi unaanguka kwenye bajeti. Akina mama wa mfano wetu wakitaka vichanja vya kuanikia ndagala, hawahitaji sura tatu juu ya umaskini wa dunia. Wanahitaji kusema ni kilo ngapi zinaoza msimu wa mvua, vichanja vingapi vitajengwa, mbao na wavu ni bei gani, fundi analipwa nini, usafiri toka Kalundu ni kiasi gani. Proforma za wauzaji watatu zina nguvu kuliko maneno makubwa. Wakiomba dola 5,000 na hesabu ikakubali, wanasomwa. Wakiomba 50,000 wakati hawajawahi kusimamia 1,000, dosiye inawekwa kando.

Kuna pia wale wanaouza miradi iliyokwisha kuandikwa, wakibadilisha jina la kijiji tu. Msomaji wa dosiye anaijua haraka, kwa sababu aliisoma mwaka jana ikiwa na jina la kijiji kingine.

Wafadhili wana sababu ya kuchunguza. Mwaka 2020 uchunguzi mkubwa juu ya misaada katika Congo ulieleza jinsi orodha za wahamishwa wa vita zilivyoongezwa majina, na jinsi mashirika ya wenyeji yalivyodaiwa kurudisha sehemu ya pesa ili yapewe kazi. Ndiyo ile watu wanaiita « opération retour ». Shirika likikubali mara moja, linalazimika kutafuta fakitire ya uongo ya kujaza pengo, na siku ya ukaguzi linabaki peke yake. Anayeombwa pesa ya namna hiyo afadhali aandike tarehe na maneno, na apeleke lalamiko kwa mfadhili kwa njia iliyotajwa katika mkataba.

Nani yumo katika kamati

Katika teritware ya Uvira, swali jingine linaulizwa kimyakimya: kamati ni ya nani? Kisima kinachochimbwa kwa ajili ya watu wa kabila moja, karibu na majirani wasioshirikishwa, kinaweza kuzaa ugomvi badala ya maji. Huko Mulenge na milima inayopakana nayo, ambapo Bafuliiru, Banyamulenge na wengine wameteswa na vita kwa miaka, mfadhili makini anatazama orodha ya majina. Kuwaweka majirani katika kamati kwa ajili ya picha hakusaidii. Wawe na saini kwenye banki na sauti katika mkutano, na PV ionyeshe walichosema.

Kopi mbali na nyumba

Mwezi wa pili 2025 Bukavu ilianguka mikononi mwa AFC/M23, na Desemba mwaka huo vita vikaingia Uvira yenyewe. Makumi ya maelfu ya watu walivuka kwenda Burundi. Anayekimbia na watoto habebi masanduku ya karatasi. Lakini simu anaibeba.

Ndiyo maana jumamosi moja ya kupiga picha statuti, PV, kadi za uchaguzi za wanaoongoza, fakitire na kila ukurasa wa daftari si kazi ya bure. Picha hizo zitumwe kwenye anwani ya barua pepe ya shirika, ambayo nenosiri lake linajulikana na watu wawili au watatu, wasioishi nyumba moja. Mega zinazotumika ni chache kuliko gharama ya kuanza upya kwa noteri.

Wito wa miradi mara nyingi unaacha majuma machache tu ya kujibu. Hakuna anayeweza kujenga mwaka wa hesabu katika majuma matatu. Kikundi kitakachokuwa tayari siku hiyo ni kile kilichofungua daftari yake kabla hakuna mtu aliyetaja dola.