Ng'ombe Akiugua: Bili ya Daktari, Bima, na Afya ya Watoto

Kama kuna chai jikoni, mimina kikombe, keti, tuzungumze.

Huenda ukashangaa leo. Kipindi ni cha afya ya mama na mtoto, nami nimekuja na habari za ng'ombe. Lakini wewe unajua mambo ya hapa kwetu. Kuanzia Londiani na Kipkelion, upite Litein na Mogogosiek, ufike Silibwet na Longisa, ni nyumba chache zisizo na ng'ombe angalau mmoja. Majani chai huleta malipo ya mwezi, na bonasi mara moja kwa mwaka. Maziwa ndiyo huleta pesa ya sabuni, ya daftari na ya dawa ya kikohozi. Tena ndiyo yanayotiwa kwenye uji wa mtoto. Ng'ombe huyo akilala chini asiamke, kliniki huahirishwa na uji huwa mweusi.

Mama mmoja alitutumia ujumbe, na ujumbe wake ndio umenifanya nichague somo hili. Ng'ombe wake wa gredi alikataa nyasi siku ya Jumamosi. Alipouliza bei ya daktari wa mifugo akaona ni ghali, akamtuma kijana kwenye duka la dawa za mifugo anunue chupa ya dawa. Kijana huyo huyo akampiga ng'ombe sindano. Jioni akakamuliwa kidogo, watoto wakanywa. Jumatatu asubuhi ng'ombe akafa. Majirani wakaja kumsaidia: wakachinja, wakagawana nyama kwa mkopo, ngozi ikauzwa. Siku ya Alhamisi akakumbuka kwamba alipochukua mkopo wa kununua ng'ombe, alikatwa pesa za bima. Akaenda ofisini. Akaulizwa: ripoti ya daktari iko wapi? Hereni ya sikio iko wapi? Mzoga uko wapi? Hakuwa na hata kimoja, akarudi nyumbani mikono mitupu. Sasa anauliza, "Nilikosea wapi?"

Mama, pole sana. Hukufanya jambo lolote ambalo wengi hapa hawafanyi. Lakini hebu tufuate safari yako hatua kwa hatua, kwa sababu mahali ulipopoteza pesa ndipo watoto wako walipokuwa hatarini pia.

Tuanze na hiyo bei ya daktari. Wazee wetu wanakumbuka wakati ambapo dipu la serikali lilikuwa karibu na daktari wa mifugo alikuja kwa malipo madogo. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1980 na kuendelea miaka ya 1990, serikali ilipunguza huduma hizo, kazi kubwa ikaachiwa madaktari wa kujitegemea. Tangu mwaka wa 2013 huduma za mifugo ziko chini ya kaunti. Maafisa wapo, lakini mara nyingi mwenye ng'ombe ndiye anayelipia mafuta ya pikipiki, uchunguzi na dawa.

Ugonjwa unaotumaliza sana katika milima hii yetu ni homa ya kupe, ile wengi wanaiita East Coast. Huletwa na kupe wa rangi ya kahawia ambaye hupenda kukaa masikioni. Ng'ombe huanza na homa. Tezi zilizo chini ya sikio na mbele ya bega huvimba, ukipapasa unazisikia. Kisha hukataa kula, macho hutoa machozi, anapumua kwa shida, na mwishoni povu hutoka puani. Dawa yake ipo, na hupimwa kulingana na uzito wa ng'ombe, ndiyo maana ya ng'ombe mkubwa ni ghali. Ikitolewa siku za kwanza mara nyingi hufanya kazi. Ukingoja mpaka povu litoke, utalipia sindano zaidi, utalipia daktari kurudi mara ya pili na ya tatu, na bado ng'ombe anaweza kufa. Bili kubwa mara nyingi ni bili iliyocheleweshwa. Unapoona tezi zimevimba, piga simu siku hiyo. Uliza bei mapema bila aibu: usafiri ni ngapi, dawa ni ngapi. Muulize pia kama amesajiliwa na Kenya Veterinary Board, kwa maana sheria ya mwaka wa 2011 inataka daktari wa mifugo na hata msaidizi wake wasajiliwe. Akimaliza kazi, mwambie aandike: tarehe, ugonjwa, dawa, kiasi, na jina lake. Karatasi hiyo iweke pamoja na kadi za kliniki za watoto. Nitakuambia sababu yake hivi punde.

Sasa bima. Wengi hudhani bima ya ng'ombe ni kama kadi ya hospitali, kwamba ukiugua unatibiwa na mwingine analipa. Kadi ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, ni ya binadamu. Kule Uingereza watu humkatia mbwa au paka bima, na kampuni hurudisha sehemu ya bili ya daktari. Huku kwetu bima ya ng'ombe wa maziwa kwa kawaida hulipa ng'ombe anapokufa kwa ugonjwa au ajali, au daktari anapoamua kwamba achinjwe kwa dharura. Matibabu ni juu yako. Wala usiichanganye na ile bima ya mifugo iliyoanza Marsabit mwaka wa 2010. Ile huangalia ukame kwa picha za setilaiti na hulipa malisho yanapokauka. Ni ya wafugaji wa kuhamahama, si ya ng'ombe wako anayekula nepia bandani.

Kukata bima si kazi ngumu. Daktari huja, humpima ng'ombe kuona ni mzima, huandika thamani yake na kumvika hereni yenye nambari. Kampuni hutoza sehemu ya thamani hiyo kwa mwaka. Tuseme ng'ombe wako ana thamani ya shilingi 100,000 na umeambiwa ada ni shilingi 4 kwa kila 100. Basi utalipa shilingi 4,000. Usisaini kabla ya kuuliza. Je, kuna siku za kungoja kabla bima haijaanza kufanya kazi? Ni magonjwa gani hayalipiwi? Ni chanjo zipi lazima ng'ombe awe amepata? Ng'ombe akifa, mimi nabeba sehemu gani ya hasara? Na kama ng'ombe alinunuliwa kwa mkopo, pesa zitaenda kwangu au zitaenda kwanza kwa Sacco? Swali hili la mwisho limewaliza wengi. Nakala ya mkataba ikae nyumbani, isikae kwa ajenti. Ajabu ni kwamba mara nyingi karatasi za ng'ombe ziko na baba mjini, na anayekesha na ng'ombe usiku ni mama.

Ng'ombe akifa, jambo la kwanza ni simu. Pigia kampuni au ajenti siku hiyo hiyo. Mikataba mingi hutaka taarifa ndani ya saa 24. Andika saa uliyopiga na jina la aliyepokea. Jambo la pili ni daktari. Hakuna dai litakalosikizwa bila ripoti yake kuhusu kilichomuua ng'ombe. Hereni isitolewe sikioni kabla hajaiona. Piga picha, hata kwa simu ya jirani: ng'ombe mzima, kichwa, na nambari ya hereni ionekane. Kisha unajaza fomu, unaambatisha ripoti, picha, cheti cha bima, na zile karatasi za matibabu nilizokuambia uziweke. Hizo ndizo zinazoonyesha kwamba hukumwacha ng'ombe afe bila kumtafutia matibabu. Dawa ya dukani iliyopigwa na kijana wa jirani haina karatasi, na kampuni itauliza. Ukiona umekataliwa bila haki, omba sababu kwa maandishi. Kuna mamlaka ya serikali inayosimamia kampuni za bima, inaitwa IRA, nayo hupokea malalamiko ya wananchi.

Sasa sikiliza vizuri hapa, mama. Kampuni inataka mzoga usiguswe mpaka daktari afike. Sisi watu wa afya tunataka hivyo hivyo, kwa sababu tofauti kabisa.

Kuna ugonjwa unaoitwa kimeta. Ng'ombe anaweza kuwa mzima jioni na asubuhi umkute amekufa. Mara nyingine damu nyeusi isiyoganda hutoka puani, mdomoni au nyuma. Hata daktari akishuku kimeta hatampasua ng'ombe huyo. Atachukua damu kidogo tu ya kupima. Ukimpasua, vijidudu hupata hewa, hujifunika ganda gumu na kukaa ardhini miaka mingi, vikingojea ng'ombe mwingine au mtoto anayecheza hapo. Anayechuna ngozi huota kidonda kisicho na uchungu, chenye weusi katikati. Anayekula nyama hiyo anaweza kutapika damu na kufa. Usidanganyike kwamba kuchemsha sana kunatosha, maana anayekata nyama hiyo jikoni anaweza kuwa ameshaambukizwa kabla sufuria haijapata moto. Kimeta ni ugonjwa ambao sheria inataka uripotiwe. Mwambie afisa wa mifugo au chifu, na mzoga uzikwe chini sana au uchomwe kwa maelekezo yao. Kama mtu ameshakula au ameshagusa, aende hospitali leo, aseme wazi kilichotokea. Kikitibiwa mapema mara nyingi kinapona.

Najua ni vigumu. Ng'ombe wa shilingi 100,000 amelala pale, na majirani wamekuja na visu kwa moyo mzuri. Mwenye bima angalau ana neno la kuwaambia: "Tafadhali ngojeni, daktari yuko njiani, mkimgusa nitanyimwa pesa." Hilo watu hulielewa haraka kuliko habari za vijidudu. Litumie.

Maziwa nayo. Yule mama aliwapa watoto maziwa ya ng'ombe aliyepigwa sindano siku hiyo hiyo. Dawa nyingi, hasa za kuua bakteria kama zile za ugonjwa wa kiwele, hutoka ndani ya maziwa kwa siku kadhaa, na kuchemsha hakuziondoi zote. Idadi ya siku za kungoja huandikwa kwenye karatasi ya dawa. Muulize daktari, aandike hiyo pia. Mtoto akinywa maziwa yenye dawa anaweza kutokwa na vipele, na vijidudu mwilini mwake huzoea dawa, kesho akiugua homa ya mapafu dawa isimsaidie. Ng'ombe akitupa mimba, usishike kondo la nyuma kwa mikono mitupu, wala maziwa yake yasinywewe mabichi, maana huenda ni brusela, homa inayokuja na kuondoka na kumchosha mtu miezi mingi. Hata mursik yetu haipotezi ladha ukichemsha maziwa kwanza, ukayapoza, ndipo uyatie ndani ya sotet.

Nisimsahau mbwa wa nyumbani, ambaye hakuna anayemkatia bima huku kwetu. Bima yake ni chanjo ya kichaa cha mbwa, kuanzia umri wa miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Kaunti zikitangaza siku za chanjo, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, mpeleke. Mtoto akiumwa na mbwa asiyechanjwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali mara moja. Atahitaji sindano nne au tano kwa siku tofauti, na nauli ya kila safari ni juu yako. Dalili za kichaa zikishaanza, hakuna tiba.

Basi pesa ya daktari wa ng'ombe itoke wapi, ikiwa bima haitoi? Vyama vingine vya maziwa humlipa daktari na kukukata kidogo kidogo kwenye malipo ya maziwa. Uliza chama chako. Kama hamna mpango huo, wekeni wenyewe katika kikundi chenu. Shilingi 20 kwa siku ni shilingi 7,300 kwa mwaka. Fungu hilo liwe la ng'ombe peke yake, lisiguswe kwa harusi. Na nambari ya daktari iandikwe ukutani, mahali ambapo hata mtoto wa darasa la nne anaweza kuisoma usiku.

Mama uliyetuandikia, wapeleke watoto wakaangaliwe kama yeyote ana homa au kidonda, na uende pia kwa afisa wa mifugo umwambie mahali ng'ombe alipochinjiwa. Pesa zile huenda zisipatikane tena. Wiki ijayo, saa kama hii, tutazungumza juu ya kikohozi cha watoto na moshi wa jikoni. Sai sere.